Wanja wa yuani 79: siku muuzaji maarufu wa China alipowauliza wateja wake kama wanafanya kazi kwa bidii

Usiku wa tarehe 10 Septemba 2023, jamaa mmoja wa miaka 31 alikuwa laivu mtandaoni akiuza wanja wa kuchorea nyusi. Bei yake yuani 79, yaani karibu dola 11 za Marekani kwa wakati ule. Katikati ya maoni yaliyokuwa yakimiminika kwenye skrini, mteja mmoja akaandika kwamba wanja huo unazidi kuwa ghali.

Maoni ya kawaida kabisa, si ndiyo? Nenda soko lolote, dakika tano hazipiti kabla hujamsikia mtu akimwambia muuzaji "mbona umepandisha?" Muuzaji anacheka, anajitetea, anapunguza kidogo au hapunguzi, maisha yanaendelea.

Huyu hakucheka. Alikunja uso akauliza ghali iko wapi, akasema bei imekuwa ileile kwa miaka mingi na watu wasiseme uongo macho yakiwa wazi, maana kampuni za nyumbani zina hali ngumu. Kisha akaongeza kwamba wakati mwingine mtu atafute sababu ndani yake mwenyewe: miaka yote hii mshahara umepanda au haujapanda? Umefanya kazi kwa bidii au hukufanya?

Jamaa huyo anaitwa Li Jiaqi, na kwa miaka kadhaa alikuwa mmoja wa wauzaji wakubwa kabisa katika biashara ya laivu nchini China. Ndani ya siku chache wafuasi zaidi ya milioni moja walimwacha kwenye mtandao wa Weibo, na yeye akaonekana akilia mbele ya kamera akiomba radhi.

Sasa, unaweza kusema hii ni habari ya mastaa, inahusiana nini na historia? Hebu vumilia kidogo. Mwaka mmoja na miezi mitatu kabla ya usiku huo, Li alikuwa ametoweka hewani kwa zaidi ya siku mia moja, na sababu haikuwa wateja bali siasa. Aliporudi, wateja walimpokea kwa mikono miwili. Kwa nini kunyamazishwa hakukumpunguzia wateja, lakini sentensi mbili tatu kuhusu mshahara zilimwangusha? Tukijibu swali hilo, tutakuwa tumeelewa biashara yenyewe inauza nini.

Kijana wa kaunta

Li Jiaqi alizaliwa mwaka 1992 huko Yueyang, jimbo la Hunan. Alisomea dansi chuo kikuu mjini Nanchang, kisha akaajiriwa kuuza vipodozi kwenye kaunta ya L'Oréal mjini humohumo. Wengi tunaijua kazi hiyo: unasimama siku nzima, unatabasamu, unamjaribishia mteja rangi ya mdomo, mteja anasema "ngoja nizunguke kwanza", halafu harudi.

Mwaka 2016 mambo mawili yalikutana. La kwanza, Taobao, soko la mtandaoni ambalo kampuni ya Alibaba ilikuwa imelianzisha mwaka 2003, lilifungua huduma ya kuuza laivu. Hadi wakati huo ukinunua mtandaoni uliona picha na maelezo tu. Sasa uliweza kumwona mtu akiishika bidhaa, akiigeuza, akiijaribu, na kumuuliza maswali papo hapo. La pili, kampuni moja inayoitwa MeiOne ilishirikiana na L'Oréal kuwachukua wauzaji wa kaunta na kuwageuza kuwa nyota wa mtandaoni. Li alikuwa mmoja wao. Wenzake wengi waliacha njiani, yeye akabaki.

Kilichomtoa kilikuwa kitu kimoja cha ajabu kidogo: mwanamume aliyejipaka rangi ya mdomo yeye mwenyewe. Wauzaji wengi walipaka mkononi ili kuonyesha rangi. Yeye alipaka midomoni, akafuta, akapaka nyingine, mamia ya rangi, hadi midomo ikachubuka. Mwaka 2018 aliweka rekodi ya Guinness kwa kuwapaka rangi ya mdomo watu wanne ndani ya sekunde 30. Mwaka huohuo, katika msimu wa mauzo wa Novemba, alishindana na Jack Ma, mwanzilishi wa Alibaba, kuuza rangi za mdomo. Ma aliuza 10, Li akauza 1,000. Baada ya hapo jina la "Mfalme wa Rangi za Mdomo" halikumtoka tena.

Zingatia na hili: aliwahi kusimulia kwamba katika mwaka mmoja wenye siku 365 alifanya vipindi 389. Aliogopa kwamba akipumzika usiku mmoja tu, watazamaji wangehamia kwa mwingine na wasirudi. Namba hiyo tutaihitaji tukifika kwenye suala la wanja.

Biashara inavyofanya kazi

Hapa tusimame kidogo, maana watu wengi hudhani muuzaji wa laivu ni kama mpiga debe wa stendi: anapiga kelele, analipwa kwa kila abiria. Kwa kiasi fulani ni kweli. Kampuni humlipa ada ili bidhaa yake iingie kwenye kipindi, na juu ya hapo humpa kamisheni kwa kila kinachouzwa.

Lakini nguvu yake halisi haiko kwenye kelele. Iko kwenye idadi. Ukimwendea mwenye kiwanda peke yako kununua chupa moja ya losheni, atakupa bei ya rejareja. Ukimwendea ukiwa na watu milioni kumi nyuma yako, mazungumzo yanabadilika. Muuzaji wa laivu anaiambia kampuni: nipe bei ambayo hakuna mwingine anayo, uongeze na zawadi juu, mimi nitakuuzia kwa dakika tano mzigo ambao ungeuza kwa miezi. Kwa maana hiyo watazamaji ni kama chama kikubwa cha ununuzi ambacho wanachama hawajuani, na muuzaji ndiye mjumbe wao mezani.

Li aliielewa nafasi hii vizuri sana. Aliwaita watazamaji wake "wasichana wote". Mwaka 2021 ilitoka hata programu ya mfululizo iliyomwonyesha akikaa na wakubwa wa kampuni akivutana nao bei kabla ya msimu wa mauzo, na jina lake kwa tafsiri ya karibu ni "Ofa ya Wasichana Wote". Ujumbe wake ulikuwa wazi: kule upande wa pili wa meza kuna mabosi, huku kwetu tuko mimi na nyinyi.

Msimu wenyewe unaitwa "Mbili za Kumi na Moja", kwa sababu ya tarehe 11 ya mwezi wa 11. Zamani ilikuwa siku ya utani ya vijana wasio na wapenzi. Mwaka 2009 Alibaba waliigeuza kuwa siku ya punguzo, ikakua hadi kuwa msimu wa wiki kadhaa. Tarehe 20 Oktoba 2021, siku ya kwanza ya mauzo ya awali, Li alikaa laivu kwa takriban saa 12, na oda zilizopitia kwake zilikadiriwa kuwa zaidi ya yuani bilioni 10, sawa na dola bilioni 1.7 hivi. Tuelewane: hizo si pesa zilizoingia mfukoni mwake, ni thamani ya oda. Hata hivyo, kuna maduka makubwa yenye matawi mengi ambayo hayauzi kiasi hicho kwa mwaka mzima.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa mwanamke aitwaye Viya, jina halisi Huang Wei, ambaye mwezi Aprili 2020 aliuza laivu hata huduma ya kurusha roketi, kwa yuani milioni 40. Desemba 2021 mamlaka ya kodi ya Hangzhou ilitangaza kwamba Viya alikwepa kodi mwaka 2019 na 2020, na akatakiwa kulipa jumla ya yuani bilioni 1.341. Akaunti zake zikafungwa. Li akabaki kileleni peke yake.

Sayansi ya "rafiki" usiyemjua

Kwa nini mtu anunue kwa sababu tu fulani kasema? Swali hili lina umri mkubwa kuliko intaneti.

Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliandika kuhusu kitu walichokiona kwa watazamaji wa televisheni, ambayo wakati huo ilikuwa bado ngeni majumbani. Mtangazaji anatazama kamera, anazungumza kana kwamba yuko na wewe peke yako sebuleni, anakusalimia, anakutania. Baada ya muda unamjua: unajua anavyocheka, nini kinamkera, mbwa wake anaitwa nani. Unahisi ni rafiki. Tatizo ni kwamba yeye hakujui wewe. Ni uhusiano wa upande mmoja, lakini hisia zake kwako ni za kweli.

Usiwacheke watazamaji hao wa zamani, maana sote tuko hivyo. Ubongo wetu ulizoea kwamba uso unaouona kila siku ni uso wa mtu wa karibu. Televisheni iliuchanganya ubongo huo, na laivu imeuchanganya zaidi, kwa sababu sasa unaweza kuandika kitu na yule "rafiki" akakijibu. Kati ya maelfu ya maoni amesoma lako! Ule upande mmoja unaanza kuonekana kama pande mbili.

Li alikuwa fundi wa hili. Alikuwa akisema bidhaa fulani si nzuri, msinunue. Alikuwa akiwaambia watu wasinunue kitu wasichokihitaji. Mbwa wake walikuwa wakipita mbele ya kamera, na mmoja, Never, akawa staa kwa haki yake. Usiku ukiwa mwingi na mtu yuko peke yake katika chumba cha kupanga katika jiji kubwa, sauti ile ilikuwa kampani. Wapo waliofungua laivu bila nia ya kununua chochote.

Ukaribu huu ulimwokoa mara nyingi. Oktoba 2019 alikuwa akionyesha kikaango kisichoshika chakula, mayai yakavunjwa humo, na mayai yakashika! Laivu, watu wote wanaona. Ilikuwa aibu na vichekesho vya wiki nzima, lakini mauzo yaliendelea. Novemba 2021 iligundulika kwamba maski za uso za L'Oréal Paris, ambazo yeye na Viya walikuwa wamewaahidi watu kuwa wanazipata kwa bei nzuri kuliko zote, ziliuzwa kwa bei ya chini zaidi kwenye laivu ya kampuni yenyewe. Wateja walikasirika, ila hasira iliielekea kampuni. Li na Viya walitangaza kusitisha ushirikiano na chapa hiyo hadi suala litatuliwe. Mjumbe alikuwa amesimama upande wa chama chake.

Keki yenye umbo la kifaru

Tarehe 3 Juni 2022 usiku, Li na msaidizi wake walileta mbele ya kamera keki ya aiskrimu. Ilikuwa imepambwa kwa biskuti za mviringo pembeni, mfano wa magurudumu, na kijiti juu mfano wa mzinga. Kwa ufupi, ilifanana na kifaru, na namaanisha kifaru cha vita.

Muda mfupi baadaye matangazo yakakatika. Kwenye Weibo ulitoka ujumbe kwamba kuna hitilafu ya mitambo na watazamaji wakalale mapema. Siku zilizofuata hakurudi. Wiki zikapita, hakurudi.

Ili kuelewa, lazima turudi mwaka 1989. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Juni mwaka huo, jeshi la China liliingia katikati ya Beijing likiwa na vifaru, likazima kwa risasi maandamano ya wanafunzi na wananchi yaliyokuwa yamedumu kwa wiki kadhaa katika uwanja wa Tiananmen. Watu wengi waliuawa. Tarehe 5 Juni mtu mmoja aliyeshika mifuko alisimama mbele ya msururu wa vifaru na kuuzuia kwa muda. Picha yake inajulikana dunia nzima isipokuwa ndani ya China kwenyewe, ambako mada hii haimo katika vitabu vya shule, na mitandaoni tarehe, maneno na picha zinazoielekea hufutwa. Kila mwaka, siku zinapokaribia tarehe 4 Juni, ufutaji huongezeka. Keki yenye umbo la kifaru, mbele ya mamilioni ya watu, saa chache kabla ya tarehe hiyo, haikuwa na pa kupitia.

Kumbuka Li alizaliwa mwaka 1992, miaka mitatu baada ya tukio. Hajawahi kueleza hadharani kilichotokea usiku ule. Watazamaji wake wengi ni wa umri wake au wadogo zaidi, nao walianza kuulizana: amekosa nini? Aiskrimu ina shida gani? Hapo ndipo udhibiti ulipojikwaa. Ili kuepuka kosa unahitaji kujua ni nini kimekatazwa, lakini ukishakijua, katazo limeshindwa kazi yake. Vijana ambao hawakuwahi kusikia habari ya mwaka 1989 walianza kuitafuta kwa sababu ya muuza vipodozi.

Nafasi aliyoiacha haikukaa tupu. Juni hiyohiyo, Dong Yuhui, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza katika kampuni ya masomo ya ziada iliyoyumba baada ya serikali kubana biashara hiyo, alipata umaarufu wa ghafla kwa kuuza mchele na nyama laivu huku akifundisha maneno ya Kiingereza na kusimulia mashairi. Wengi wakadhani enzi ya Li imekwisha.

Haikwisha. Tarehe 20 Septemba 2022, bila tangazo lolote la awali, Li aliingia laivu kana kwamba ametoka kunywa chai. Habari ikasambaa kwa simu na ujumbe mfupi, na kabla kipindi hakijaisha hesabu ya waliotazama ilikuwa ya makumi ya mamilioni. Bidhaa ziliisha kwa kasi. Hakusema alikuwa wapi, na watazamaji wake walimpokea bila kumdai maelezo.

Hesabu ya wanja

Sasa turudi kwenye usiku wa Septemba 2023. Wanja ule ulikuwa wa Florasis, chapa ya Hangzhou iliyoanzishwa mwaka 2017 na ambayo Li alikuwa ameinua tangu ikiwa changa. Katika kipindi kilekile alijisifia ukaribu wake na kampuni hiyo, akatania kwamba ilibaki kidogo tu kampuni ichukue jina lake yeye la ukoo.

Ujumbe uliowafikia watazamaji kwa dakika chache ukawa hivi: kampuni ni ndugu zangu, nyinyi ndio wenye tatizo. Yule mjumbe wa chama alikuwa amenyanyuka upande wetu wa meza akaenda kukaa na mabosi.

Watu walichukua vikokotoo. Kile kijiti cha rangi ndani ya wanja kina uzito wa gramu 0.08. Gawanya yuani 79 kwa 0.08, unapata karibu yuani 990 kwa gramu moja. Dhahabu wakati ule ilikuwa na bei ya chini kuliko hapo! Mwanakemia atakwambia ulinganisho huu hauko sawa, kwa sababu katika kipodozi hulipii uzito tu, unalipia kifaa, ufungaji, utafiti na matangazo. Sawa. Lakini namba hiyo ilisambaa kwa sababu ilisema kitu ambacho watu walikuwa wanakihisi, na "79" ikageuka kuwa kipimo cha utani. Watu wakawa wanapima mambo kwa wanja: chakula cha mchana ni robo ya wanja, nauli ya wiki ni nusu wanja.

Tufanye hesabu nyingine ambayo naiona ni nzito zaidi. Kwa takwimu rasmi za China, kipato cha wastani cha mtu mmoja baada ya kodi kilikuwa yuani 36,883 kwa mwaka 2022. Gawanya kwa siku 365: yuani 101 kwa siku. Kwa hiyo wanja mmoja ni zaidi ya robo tatu ya kipato cha siku nzima cha Mchina wa wastani. Na wastani huficha mengi. Mei 2020 Waziri Mkuu wa wakati huo, Li Keqiang, alisema mbele ya waandishi wa habari kwamba watu milioni 600 nchini humo wana kipato cha takriban yuani 1,000 kwa mwezi. Kwa hao, wanja mmoja ni siku mbili na ushee.

Kisha angalia mwezi wenyewe. Juni 2023 ukosefu wa ajira kwa vijana wa mijini wenye umri wa miaka 16 hadi 24 ulifika asilimia 21.3. Mwezi Agosti ofisi ya takwimu ikatangaza kusitisha kwa muda kuchapisha namba hiyo. Yaani zaidi ya kijana mmoja kati ya watano waliokuwa na kazi au wakiitafuta hakuwa nayo, na takwimu yenyewe ikaondolewa machoni. Wiki chache baadaye tajiri mmoja anakuuliza kwenye simu yako kama umefanya kazi kwa bidii.

Ndiyo maana naona ugomvi huu haukuwa wa vipodozi. Swali alilouliza Li lilikuwa na jibu tayari miongoni mwa wasikilizaji wake, na jibu lilikuwa: ndiyo, nimefanya kazi kwa bidii, na mshahara haujapanda. Mtu anaweza kufanya kazi hadi saa tatu usiku kila siku na asiongezewe hata yuani moja, kwa sababu mshahara hupangwa na mambo mengi ambayo bidii ya mtu mmoja haiyafikii: idadi ya wanaotafuta kazi, hali ya sekta, kodi ya nyumba, nani ana nguvu ya kudai.

Lakini mtazame Li naye kwa jicho la haki. Huyu ndiye aliyefanya vipindi 389 katika siku 365 hadi midomo ikachubuka, na kwake yeye bidii kweli ililipa. Ni rahisi sana kwa mtu aliyefanikiwa kusahau kwamba wapo wenzake wa kaunta waliojitahidi vilevile na hawakupata watazamaji. Wataalamu wa takwimu wanaiita kasoro hii upendeleo wa waliosalia: ukiwahoji washindi peke yao, wote watakwambia siri ni kujituma. Walioshindwa baada ya kujituma hawapo chumbani kujibu.

Shampuu ikajibu

Kesho yake, tarehe 11, Li aliandika radhi, na usiku akalia laivu. Alisema yeye mwenyewe alianzia kaunta, anajua kazi ilivyo ngumu, na hakupaswa kuzungumza vile. Pengine alimaanisha. Lakini kwa wengi maneno hayo yaliongeza chumvi kwenye kidonda: ikiwa unajua, ilikuwaje ukasema?

Wakati huo chapa kadhaa za zamani za China, za bei nafuu na zilizokuwa zimesahaulika, zilinusa nafasi. Fenghua, watengenezaji wa shampuu wa tangu miaka ya 1980, waliweka sokoni vifurushi vya shampuu na mafuta ya nywele kwa yuani 79, uzito wa kilo mbili na zaidi. Gramu 0.08 kwa kilo mbili! Watu waliwamiminikia. Chapa nyingine nazo zikajiunga, na kwenye laivu za kampuni hizo wauzaji wakawa wanaosha nywele kwa shampuu ya Fenghua mbele ya kamera, kuungana mkono na kuchekesha watu.

Unaweza kusema hii nayo ni biashara tu, na utakuwa sahihi. Hata hivyo inaonyesha kwamba wateja hawakuwa wamechoka kununua wala kuangalia laivu. Walikuwa wanatafuta mtu mwingine wa kukaa upande wao wa meza, na Fenghua wakakaa.

Tofauti ya maanguko mawili

Sasa tunaweza kujibu swali la mwanzo. Mwaka 2022 Li alinyamazishwa na mkono ambao hata watazamaji wake wanauogopa. Hilo lilimweka pamoja nao: amekumbwa na kitu kinachoweza kumkumba yeyote, bila kujua kosa. Ukaribu haukuguswa, pengine uliongezeka. Mwaka 2023 hakuna aliyemfungia. Alikuwa na kamera, taa, mikataba na sauti yake yote, na kwa sauti hiyo aliwaambia kwamba umaskini wao ni kosa lao.

Horton na Wohl walisema uhusiano wa upande mmoja hudumu maadamu mtazamaji anaendelea kupata anachokitaka, kwa sababu hana deni lolote kwa mtangazaji na kuondoka ni rahisi kama kuzima televisheni. Rafiki wa kweli akikutusi mnagombana, mnasuluhishwa, mnaendelea. Rafiki wa kwenye skrini akikutusi unabonyeza kitufe.

Li hakufilisika. Aliendelea kuuza, na bado ni jina kubwa. Oktoba 2023, mwezi mmoja tu baadaye, alikuwa hewani tena kwa msimu wa Mbili za Kumi na Moja, na mamilioni walinunua. Bei ilikuwa nzuri, na watu wenye kipato kidogo hawana anasa ya kususa punguzo kwa muda mrefu. Ila wengi walinunua kama unavyonunua kwa muuzaji yeyote, wakiangalia bei tu.

Na huku kwetu? TikTok ni pacha wa Douyin, programu ambayo kampuni ya ByteDance inaitumia ndani ya China, na wauzaji wa nguo, manukato na wanja nao wanaingia laivu kila jioni wakituita "wapendwa wangu". Siku ukiwa humo, jaribu kitu kidogo. Muulize yule anayeuza kwa nini bei imepanda, halafu sikiliza kwa makini jibu lake linaanza na nani: linaanza na bidhaa, linaanza na kampuni, au linaanza na wewe na mfuko wako.